Ukili wa Kwanza wa Thuraiya

Mkwe wangu, Bi Umkulthum binti Soud, hakujua kuficha wivu. Wako watu wakishikwa na wivu huuma meno wakacheka, mambo yakapita. Yeye akishikwa, nyumba nzima ilijua, na mimi niliyekuwa nikimpikia nilijua kabla ya wote, kwa sababu siku hizo mchuzi haukuwahi kumkolea chumvi.

Sisemi haya kwa kumsengenya. Amekwisha kufa, Mungu amrehemu, na nilimpenda, ingawa nilimwogopa pia. Lakini siku hizi nasikia watu wakimsimulia kana kwamba alikuwa malaika aliyeshuka Gando na ukindu mkononi, na mimi niliyekaa naye nyumba moja sikubali. Alikuwa mtu, tena mtu mwenye kisirani chake.

Kusuka alijua. Hapo simnyimi haki yake. Miaka ile kabla ya vita vya Hitla, kutoka Gando mpaka Konde, mwenye kutaka mkeka wa bibi harusi alikwenda kwa Bi Umkulthum. Aliuchana ukindu kwa ukucha wa kidole gumba, chane zikatoka nyembamba na sawasawa, akazitia rangi, kisha akakaa barazani akisuka huku macho yako njiani, anaangalia nani kapita na nani. Ukili, ule utepe mrefu unaoshonwa ukawa mkeka, ulimtoka mapajani ukajiviringisha wenyewe chini. Akikosea chane moja, vidole vilimwambia kabla ya macho.

Dhiki yake ilikuwa moja tu. Mungu alimpa watoto wa kiume watupu. Mume wangu Nasor alikuwa wa mwisho wao, na vidole vyake, maskini, vilikuwa vinashindwa hata kufunga mzigo wa kuni. Ndiyo maana nilipojifungua Thuraiya, kabla mimi mwenyewe sijamwona mwanangu vizuri, bibi yake alikwisha mtwaa, akampeleka mlangoni penye mwanga, akamkunjua ngumi na kuvitazama vidole kimoja kimoja.

"Vyangu hivi," alisema. "Hebu tazameni! Vyangu hivi!"

Nilikuwa kitandani, sina nguvu hata ya kugeuka, na maneno yale niliyasikia. Hakusema ni vya Nasor wala vya Maryamu, yaani mimi. Mimi niliyekibeba kitoto kile tumboni nilikuwa kama jahazi lililoleta shehena yake, likishapakuliwa haliulizwi tena.

Pale mtaani kwetu kulikuwa na ada. Msichana akimaliza ukili wake wa kwanza, hata ukiwa wa urefu wa mkono tu, humpa yule aliyemfunza. Na aliyepewa huushonea katikati ya msala wake, mkeka wake wa kusalia, pale panapogusa paji la uso, akawa anasujudu juu yake maisha yake yote. Msala wa Bi Umkulthum ulikuwa umechakaa, umetoboka kwenye magoti. Kila nikimwambia asuke mwingine, yeye wa kusukia watu wote, alinijibu kwamba anangoja.

"Msala wangu umo vidoleni mwa huyu," alikuwa akisema, akimwonyesha mtoto ambaye hata jino hajaota. "Ntasali juu ya ukili wa Thuraiya mpaka Mungu anichukue."

Hakuna mtu mtaani aliyekuwa hajaambiwa hayo. Kama kuna jambo alilolitaka duniani baada ya kuzikwa mumewe, lilikuwa hilo.

Sasa, upande wa pili wa ua wetu wa makuti alikaa Bi Mgeni. Wazee wake walikuwa watu wa bara, na yeye na mumewe walichuma karafuu za watu mpaka mume akafa. Yeye aliwahi kuanguka kutoka juu ya mkarafuu, mguu mmoja ukabaki mfupi, asiweze tena kazi ya shamba. Mtoto hakupata hata mmoja. Basi msimu wa karafuu ukifika, na sisi wanawake wote tukiwa mashambani, watoto ambao hawajafika umri wa kwenda chuoni kusoma Kurani tulimwachia yeye. Kusuka hakujua. Mkeka wake ulikuwa umepinda hivi kwamba ukiukalia ulijiona uko mteremkoni, na Bi Umkulthum alikuwa akiwasimulia wageni habari za mkeka ule kwa furaha kubwa.

Lakini uani kwa Bi Mgeni mtoto hakulia. Alikuwa na kuku wa kifuu. Ulikuwa ni kifuu cha nazi kilichofunikwa chini, na lile jicho laini la nazi limetobolewa likawa mdomo wa kuku. Huyo kuku, alivyowaambia watoto, alikuwa mgonjwa wa koo. Hawezi kumeza ila punje moja moja ya mchele, na punje yenyewe haipiti mpaka uibane kwa ncha za vidole viwili na kuielekeza sawasawa. Watoto wa miaka mitatu na minne, ambao majumbani kwao hawakai kitako muda wa kunywa uji, walikaa wamemzunguka kuku yule kimya, ulimi nje, wakimtibu.

Akichoka kuku, walitunga maua ya asumini yaliyopukutika, kwa njiti ya ukuti na uzi. Walifinyanga kaa wa udongo mwenye miguu yote. Waliosogeasogea umri walicheza mdako, kokoto moja inarushwa juu, nyingine zinachotwa shimoni kabla ile haijaanguka. Na wasichana walikuwa na wana wao, wanasesere wa mgomba. Nywele za mwana zilikuwa nyuzi za gome la mgomba lililokauka, na kila siku lazima asukwe, maana kila siku alikuwa na harusi ya kwenda. Bi Mgeni alinyoosha ule mguu wake, akawa anawatazama. Hakuwaambia fanyeni hivi wala msifanye vile. Mtoto akishindwa, alisema tu, "Huyu mwana wako kapendeza, lakini nywele zitamfumuka kabla ya kufika kwa bwana harusi." Mtoto akafumua, akaanza tena mwenyewe.

Thuraiya alipofika miaka minne, bibi yake alimkalisha barazani, akampa chane nne na kumwambia, "Leo twaanza."

Sikuyapenda masomo yale. Mtoto alivuta, chane ikakatika. Akavuta nyingine, ikateleza. Bi Umkulthum naye alikuwa na kijiti cha mkaratusi, kile kile alichotumia mama yake kumfunzia, na kila chane ikiteleza kijiti kiligonga kifundo cha kidole. Hakupiga kwa nguvu, niseme kweli. Lakini mtoto alikuwa anakitazama kijiti, hatazami tena ukindu. Mwisho alianza kuificha mikono nyuma kabla hata hajashika kitu.

"Mama," nilimwambia siku moja, "labda bado mdogo."

"Mie nlifunzwa na umri huu huu. Mbona sikufa?"

Nikarudi jikoni kwangu. Na Thuraiya, siku ile na kila siku, akiachiwa tu, alijipenyeza kwenye tundu la ua, huyooo, kwa Bi Mgeni. Bi Umkulthum aliliziba tundu kwa kuti. Kesho yake kulikuwa na tundu jingine, kubwa zaidi.

Hapo ndipo wivu ulipomwingia na kukaa. Alihamisha jamvi lake kutoka barazani, penye njia na habari za watu, akalitandika nyuma, karibu na ua, ajifanye anasuka kivulini. Kivuli hakikuwepo. Alikaa juani akisikiliza kicheko cha mjukuu wake upande wa pili, na ukili wake siku zile, ule ambao haukuwahi kukosea, niliuona umekosea.

Akajaribu hila. Alinunua kashata, Thuraiya akala kashata, kisha akapenya uani na nyingine mkononi kumpelekea Bi Mgeni. Halafu, na hili aliniapisha nisimwambie mtu, na sikumwambia mpaka alipokufa, alitengeneza kuku wake mwenyewe. Alichagua nazi nzuri, akakisugua kifuu kwa mchanga mpaka kikang'aa, akalitoboa jicho vizuri kuliko la Bi Mgeni. Akaweka mchele mzuri wa kutoka dukani Konde.

"Njoo, mjukuu wangu, umlishe kuku."

Mtoto akaja, akachuchumaa, akabana punje ya kwanza.

"Siyo hivyo," akasema bibi. "Kidole hichi, na hichi. Haya. Tena. Usimwage! Mkono huo uwache chini. Haya, nyingine."

Thuraiya aliweka punje chache, kisha akaurudisha mkono. Alikiinamia kile kifuu, akakitazama kwa huruma.

"Kuku wako kafa, bibi," alisema.

Mimi nilikimbilia jikoni nikaziba mdomo kwa upande wa kanga, nikacheka mpaka machozi. Niliporudi nikamkuta Bi Umkulthum bado ameshika kifuu, anakigeuzageuza, anakitafuta kilichokosekana. Kicheko kikaniisha.

Hasira zake hazikwenda kwa mtoto, zilikwenda uani. Alisimama kwenye makuti akaita.

"Mgeni! N'achia mjukuu wangu."

"Simshiki, Bi Mkubwa," Bi Mgeni akajibu kutoka upande wake, bila kuinuka. "Mlango wangu hauna komeo."

"Wamharibu vidole. Matope, kokoto, mambo ya ovyo. Mie namfunza kazi, weye wamfunza upuuzi."

"Mie simfunzi kitu, Bi Mkubwa. Wacheza tu."

"Basi asicheze!"

Nasor aliamrishwa aujenge ua upya, kwa fito na makuti mapya yaliyofungwa mbanano. Mume wangu hakuwa mtu wa kumbishia mama yake. Aliujenga, vibaya kama kawaida yake, lakini mtoto hakuweza kupita. Na nilipokwenda shamba, Thuraiya alibaki na bibi yake. Hakulia. Alikaa pembeni na mwana wake wa mgomba, mgongo kwa watu, akifanya shughuli zake. Akiitwa kusuka alikuja, chane zikamkatika, akagongwa, akarudi pembeni kwake.

Na mimi je? Watu hunisifu kwamba nilikaa kati ya wanawake wale wawili bila kugombana na yeyote. Nilikuwa nakereka na wote wawili! Siku moja mtoto alijikata kwa ukindu, damu ikamtoka, akapiga kelele, na jina aliloliita lilikuwa "Bi Mgeni." Niko hapo hapo, hatua mbili, mikono nimeinyoosha. Nilimfunga kile kidole kwa kitambaa huku moyo unaniuma, na laiti ningekuwa na kijiti cha mkwe wangu ningemgonga nacho yule jirani mguu wake mzima.

Tukafikia karibu na Ramadhani, wakati wa kufagia nyumba. Bi Umkulthum alikuwa akitoa vitu uvunguni mwa kitanda cha mtoto, nikasikia amenyamaza ghafla. Nikaenda kuchungulia. Amepiga magoti, na mbele yake amelala yule mwana wa mgomba, kasukwa nywele vizuri, juu ya kijamvi chake. Kijamvi chenyewe kilikuwa ukili, mwembamba na mfupi kama mkono wangu kutoka kiwiko. Ulikuwa umesukwa kwa vipande vya ukindu vilivyotupwa, rangi hii na rangi ile, lakini umebana, umenyooka, hauna chane iliyolegea.

Aliutwaa akaupitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, mbele na nyuma, macho ameyafumba.

"Sikwambieni?" akasema. "Maryamu, sikwambieni? Damu yangu hiyo!"

Niliutwaa nikautazama. Nami kidogo najua kusuka. Mwanzo wa ukili ule haukuwa mwanzo wa Bi Umkulthum, ule wa kukunja na kuficha ncha ndani. Chane zilikuwa zimekusanywa na kufungwa kwa juu, kama unavyoanza kusuka nywele za mwana wa mgomba. Niliona, nikanyamaza, maana uso wa mwanamke yule ulikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona. Na yeye? Vidole vyake vilivyokuwa vikijua kila kitu, siku ile vilijifanya havijui.

Wanawake wa mtaa wakaalikwa siku ya Ijumaa, baada ya sala ya alasiri. Nilipika mkate wa kumimina na kahawa ya tangawizi. Thuraiya alivishwa gauni jipya. Bi Umkulthum akakaa kitako mbele ya wote, amejifukiza udi, na hapo mbele yake ametandika chane nyeupe alizozitengeneza kwa ajili ya msala mpya, amekwisha pima mpaka mahali utakapokaa ukili wa mjukuu wake.

"Kamwite na yule," alikuwa ameniambia asubuhi. "Aje aone."

Bi Mgeni alikuja. Alikaa karibu na mlango, mguu kaunyoosha, kanga yake imefuliwa.

Mtoto akasimamishwa katikati na ukili wake mkononi. Mmoja wa wanawake, Bi Mwanawema, aliyekuwa mkubwa kuliko wote, akamwambia, "Haya, mwanangu. Mpe alokufunza."

Thuraiya akamtazama bibi yake. Bi Umkulthum alikuwa amekwisha nyoosha mikono yote miwili, viganja juu. Mtoto akapita. Akapita kando ya ile mikono, taratibu, akachagua njia kati ya miguu ya wanawake na vikombe vya kahawa, mpaka mlangoni, akauweka ukili mapajani mwa Bi Mgeni.

Sote tulijua kinachofuata. Bi Mgeni, kwa adabu, atainuka ampelekee Bi Mkubwa, atasema mtoto hajui, mtoto kakosea, nasi tutacheka na kahawa itaendelea. Nilimwona Bi Mwanawema amekwisha anza kutabasamu.

Bi Mgeni aliutazama ukili. Akauzungusha mkononi, mara moja, mara mbili, kama mtu anayefunga jeraha.

"Nimepewa," alisema.

Akashika kizingiti, akainuka, akaenda zake kwake akichechemea. Hakumtazama mtu.

Wanawake walipokwisha kuondoka, Bi Umkulthum alikuwa bado amekaa pale pale, na zile chane nyeupe mbele yake. Akamwita mjukuu wake.

"Thuraiya. Mie sikukufunza?"

Mtoto akafikiri. Hakuwa na ubaya, alitaka kujibu kweli.

"Weye wanipiga, bibi," alisema.

Siku zilizofuata sikuambiwa chumvi haitoshi. Sikuambiwa kitu. Alikula alichopewa. Kile kijiti nilikikuta jikoni kati ya kuni, nikakichoma pamoja na nyingine. Ua wa makuti ulibomoka upande mmoja kwa mvua, na hakuna aliyemwamrisha Nasor kuujenga. Mtoto alikwenda na kurudi. Ukili wake wa pili alinipa mimi, na ada ya ukili wa pili haipo, hakuna anayeujali. Ninao mimi hapa, nimeufungia Kurani yangu, na sijamkopesha mtu hata kuutazama.

Kisha asubuhi moja nikasikia hodi. Bi Mgeni alikuwa mlangoni, ukili wa Thuraiya mkononi na mzigo wa kili zake mwenyewe kwapani, zimepindapinda kama nyoka.

"Bi Mkubwa," alisema, "nimekuja na shida. Nataka msala, na kushona sijui. Mie nkiushona utapinda. Sijali kwa hizi zangu. Lakini huu wa mtoto haufai kupinda."

Nilidhani atafukuzwa. Nilikwisha shika mlango. Bi Umkulthum alimtazama kutoka juu mpaka chini, mpaka kwenye ule mguu mfupi, akautazama ukili, na uso wake ulikuwa na wivu ule ule, haukupungua hata chembe. Akanyoosha mkono.

"Lete," akasema. "Na hayo matakataka yako rudi nayo."

Aliushona kwa zile chane nyeupe alizojiwekea mwenyewe. Alizisuka kwanza, kisha akaziunga, ukili wa mtoto katikati, akakaa nao barazani, na wapita njia wakauliza huo msala mzuri ni wa nani, naye akawaambia ni wa Mgeni, kwa sauti ya mtu anayetema kitu kichungu. Hakuna mkeka wa bibi harusi niliomwona akiuhangaikia vile. Mshono ukimkera, aliufumua akaanza tena.

Jioni ya siku ya mwisho, nimetoka kisimani, nikaenda chumbani kwake kumwambia maji ya udhu tayari. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Alikwisha tawadha kwa maji ya mtungini. Msala mpya ulikuwa umetandikwa kuelekea kibla, na yeye yuko kwenye sijda, paji la uso juu ya ukili wa Thuraiya. Nilingoja ainuke. Alikaa hapo muda mrefu kuliko sijda yoyote niliyowahi kumwona, na mabega yalikuwa yakimtikisika.

Nilirudi nyuma kimya kimya. Baadaye aliniita. Msala ulikuwa umekunjwa.

"Mpelekee mwenyewe," alisema, akiwa amenipa mgongo. "Mwambie ndo kwanza umekwisha."

Nikavuka ua. Bi Mgeni aliupokea kwa mikono miwili, akaukunjua mapajani, akapitisha kiganja mpaka katikati. Kiganja kikasimama.

"Hapa pamerowa," alisema.

"Ukindu hushonwa una maji," nikamwambia.

Alinitazama usoni. Kisha akaukunja tena taratibu, pale palipolowa pakaingia ndani.